Maji Chini ya Korido

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 17 Agosti

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na baridi ya huko imeanza kukuhurumia, au bado unalala na soksi? Mama mdogo na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama naye ni mzima, na safari hii siandiki hivyo ili kukutuliza tu.

Unaukumbuka ukuta wa sebuleni, ule wenye picha ya harusi ya baba na mama? Ulianza kutoa doa la maji. Tukadhani bati linavuja, lakini mvua ilikatika zamani na doa likazidi kupanda. Rangi ikavimba, ikapasuka, ikawa inadondoka vipande. Mama akaishusha picha, akaizungushia shuka na kuilaza juu ya kabati.

Dada mkubwa alipokuja kuona, akasema nyumba imechoka, mama ahamie kwake. Unamjua mama, hajawahi kukubali jambo bila kubisha kwanza. Safari hii alisema tu, "Haya." Akatoa sanduku, akaanza kupanga nguo. Baba Mdogo, hiyo "haya" ilinitisha kuliko ukuta. Tangu tumzike baba alikuwa hivyo, ukimuuliza anajibu, lakini haongei. Na ukimtaja baba, anainuka anakwenda jikoni.

Nikamsihi dada asubiri kidogo, nikamwita fundi bomba. Alifunga mabomba yote, akatupeleka kwenye mita. Kile kigurudumu chake kilikuwa kinazunguka taratibu, na humo ndani hakuna aliyekuwa akichota hata tone.

"Mna mgeni anakunywa maji yenu kimya kimya," alisema.

Akafunga koki inayopeleka maji jikoni, mita ikaendelea. Akafunga na ya bafuni, bado inazunguka. Basi likabaki bomba kubwa linaloingia ndani, lile lililofukiwa chini ya sakafu. Limepita wapi? Dada akasema bila shaka limenyooka, limekatiza sebuleni hadi bafuni. Fundi akapiga mstari wa chaki kando ya ukuta wenye doa, akashika nyundo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Hapo mtavunja bure," akasema. "Lilikuwa lipite hapo, mdogo wake akakataa."

Kumbe ni wewe! Akatusimulia jinsi baba alivyotaka kulinyoosha bomba, nawe ukashikilia lizungukie koridoni, ili siku likiharibika watu wasivunjiwe sebule. Mkabishana mpaka saruji ikaanza kukaza kwenye karai. Baba akasusa, akaenda kukaa juu ya ndoo. "Akamwambia, haya mhandisi, funga mwenyewe," mama alisema. "Na kweli akafunga, ile kona ya mbele ya stoo, huku anaimba kwa sauti kama bawaba kavu. Mume wangu akacheka mpaka ndoo ikampindukia, matope mwili mzima."

Mama akacheka, akacheka mpaka akashika kizingiti. Mimi na dada tulitazamana. Nami nikalikumbuka lundo la mchanga lililokuwa mbele ya nyumba, nilikochimba visima vyangu na baba akinikemea kwamba namaliza mchanga wa plasta. Nilisahau kabisa kwamba nyumba hii iliwahi kuwa mpya.

Fundi akasimamisha kipande cha nondo mbele ya stoo, akaweka sikio juu yake. Akatupisha nasi tusikilize. Nilisikia sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Lakini ile sakafu nyekundu, unajua baba alivyoisugua kwa mikono yake. Fundi akamtazama mama kabla ya kuinua nyundo. Mama akainama, akaipapasa kwa kiganja.

"Mwenyewe angekuwa ameshaivunja," akasema. "Piga."

Kona ilikuwa imeliwa na kutu, ina tundu dogo kama la sindano. Maji yalikuwa yakifuata mtaro wa bomba hadi chini ya ukuta wa sebule. Dada akauliza kwa utani ni kazi ya nani hiyo. Mama akajibu, "Ya shemeji yangu, na imedumu kuliko ndoa nyingi za mtaa huu." Usihofu, Baba Mdogo, fundi mwenyewe amekutetea. Anasema uliifunga vizuri, ila chuma nacho huzeeka.

Sasa tumewekewa bomba la plastiki, mita imetulia, ukuta unakauka. Mama amerudisha nguo zake kabatini. Dada alinuna kidogo, kisha akaamua kukaa wiki nzima. Hivi ninavyoandika wanagombana jikoni kuhusu chumvi, nami nasikiliza kwa raha.

Mfikishie salamu mama mdogo, na pacha wote wawili, na yule mkwe asiyependa kupigwa picha. Mungu awape afya, awakinge na kila baya, atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Mama ameniagiza nikuandikie hili kama alivyolitamka: "Mwambie akipiga simu asiniulize presha tu. Aniulize na habari za kaka yake. Ninazo nyingi."

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Chiriku