Chumvi Isiyotiwa na Mtu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Tumerudi kutoka kliniki ya Chikongola, mjini. Presha ya mke wangu Anna imepanda tena, miguu imevimba. Daktari kamuuliza: bibi, chumvi umeacha kweli? Anna kajibu ameacha tangu Julai. Daktari akanigeukia mimi. Nikatazama sakafu.

Hapa Msimbati, Beatrice, mke wa mwanetu, ameficha kopo la chumvi. Anasema mama hulamba tukilala.

Jumatano, 9 Oktoba

Anna hakula. Kasema tu maji ya huku mazito, si matamu kama ya kwetu.

Beatrice akamtania: kwani maji ya kwenu yalikuwa na sukari, mama?

“Yalikuwa na maji,” Anna akajibu.

Tulivuka mto Ruvuma tukiwa vijana, tukikimbia vita vya Wareno kwetu. Tangu hapo, mmoja wetu akisema maji si matamu, watu husikia: anakumbuka kwao. Nami humsikia Anna hivyohivyo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mjukuu wetu Upendo, kidato cha pili, alikuwa akisoma kemia kwa sauti. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili.

Elementi ni kitu cha asili moja. Hakivunjiki kikawa kingine chepesi zaidi. Sodiamu, metali inayolipuka ikigusa maji. Klorini, gesi ya sumu. Kampaundi ni elementi zilizoungana hata zikapoteza tabia zake: hizo mbili zikiungana ni chumvi ya mchuzi! Moto wa jikoni hauzitenganishi. Mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja tu, kila kimoja na tabia yake. Kama maji ya bahari: ukichemsha, maji yanapaa, chumvi inabaki.

Nikauliza, na maji ya kisima?

“Inategemea, Babu. Kisima kiko wapi?”

Chetu kiko nyuma ya nyumba. Bahari ikijaa, mawimbi tunayasikia kitandani. Na maji yake tunayachemsha kila siku, tukiamini yanakuwa safi. Vijidudu vinakufa, sawa. Chumvi haiendi popote — inakolea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi nimechemsha maji ya kisima mpaka yakakauka. Kila nilipoinua mfuniko nilikinga matone yake kwa kijiko. Kilipojaa nikampa Anna. Akakaa nayo mdomoni muda.

“Haya ndiyo,” akasema.

Chini ya sufuria kulibaki ukoko mweupe. Nikamwita Beatrice aonje. Akalamba kidole. Akalamba tena, kama mtu anayetafuta kosa.

“Pole, mama.”

“Sasa mwizi nani, mwanangu? Mimi au kisima?” Anna alicheka, lakini macho yalikuwa na machozi. Miezi mitatu ameitwa mwongo ndani ya nyumba yake.

Mwanetu Elia, mume wa Beatrice, kaahidi kwa simu kuleta madumu ya maji ya bomba kutoka mjini. Lini? Jumanne. Mvua bado mbali. Niliwasha moto tena. Mchana kutwa nimepata nusu kikombe cha maji ya mfuniko, na Anna amekwisha kuyanywa.

Sasa ni saa ya dawa ya presha. Kidonge kiko kiganjani mwake, anaomba maji ya kumezea. Beatrice amechota kikombe cha maji ya kisima mtungini. Amefika nacho mlangoni, amesimama, hampi. Ananitazama mimi: ampe, au kidonge kingoje Jumanne?