Médard Ametoka Katika Chama

Mangobo, Kisangani

Kwa mdogo wangu mpenzi Faustin, huko Yangambi,

Nakusalimu wewe, wifi Nathalie na watoto. Natumaini malaria imekuachilia na umerudia kazi. Sisi huku tuko wazima, ila siasa imeingia kwetu mpaka jikoni.

Unajua shemeji yako Médard alichaguliwa mshauri katika baraza la commune yetu hapa Mangobo kwa jina la chama. Bon, chama kikamwamuru apige kura soko letu lihamishwe mpaka upande wa Kapalata. Alikataa, akisema mama mwenye beseni la samaki kichwani hawezi kutembea mbali hivyo. Nilijua anasema juu yangu. Wakamkemea. Akasimama mbele ya wote, akavua kofia ya chama, akatangaza kwamba sasa yeye ni indépendant, hana chama.

Tulimpigia makofi. Tangu hapo, kila siku ya Mungu baada ya misa, alijifungia sebuleni kufanya mkutano wa kundi la indépendants, yeye peke yake. Mara moja alitoka amenuna. Nilipomuuliza, alisema hawakusikilizana.

Furaha haikudumu. Rais wa baraza alimweleza kwamba mwenye kutoka chamani kwa hiari anaacha na kiti, na kiti kinaenda kwa suppléant, yule aliyeandikwa nyuma yake wakati wa uchaguzi. Médard alirudi, akakaa bila kugusa sahani yake ya pondu. Kisha akaniambia, "Berthe, suppléant iko wewe. Sikuamini mutu mwingine."

Nililia, halafu nikashonesha nguo mpya ya pagne. Chama kilinipokea na maua. Siku ya kura Médard alikaa nyuma na watazamaji. Walipouliza nani anakubali soko lihame, mkono wangu ulibaki mapajani. Nikasimama, nikasema, "Mimi pia niko indépendante."

Soko limebaki pale pale, kwa kura moja tu. Lakini chama kimeapa kulirudisha jambo hilo kikao kijacho, na kiti mimi pia nimekiacha, kwa sheria ile ile.

Sasa kaa chini, Faustin. Ile picha yako Médard aliyokuomba wakati wa uchaguzi, na ile sahihi, hazikuwa za ukumbusho wa familia. Suppléant wa pili ni wewe. Panda boti ya kwanza. Koti utavaa la Médard.

Mwambie wifi asihuzunike. Kwa jinsi familia yetu inavyofanya siasa, utarudi nyumbani baada ya kikao kimoja.

Mungu awalinde nyote.

Mimi dada yako,
Berthe