Duara Kando ya Tangi la Maji

Duka la Ushonaji, Mlango wa Kijani,
Mkabala na Zahanati.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limekubali kupanda ngazi bila kulalamika. Baba watoto hajambo? Na wale pacha, bado wanagombania mto mmoja wakati kitanda kimejaa mito? Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, macho tu ndiyo yanamsumbua, siku hizi anatunga uzi kwenye sindano kwa kukisia. Baba yangu hajambo, Baba Mdogo hajambo, na leo nina sababu ya kuwataja wote wawili katika sentensi moja.

Kifurushi chako kilifika salama. Katoni mbili za sigara, moja ya kaka mkubwa na moja ya kaka mdogo, zimelingana hata rangi ya utepe, kama kawaida yako ya kukwepa ugomvi. Tunashukuru. Ila zilikuta mambo yamegeuka, na yaliyozipata nitakueleza nikifika huko.

Ulipokuja mara ya mwisho uliondoka umenuna, na haki ulikuwa nayo. Ulikula chakula cha mchana mara mbili, huku kwa baba na kule kwa Baba Mdogo, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakuhesabia muda uliokaa kwa mwenzake. Ukaumwa tumbo safari nzima. Ulisema hutakanyaga tena hapa mpaka wale wawili wale sahani moja. Tukadhani ni hasira za tumbo, kumbe ulimaanisha. Nimekukosa sana, Shangazi. Hata ukali wako nimeukosa.

Chanzo unakijua, lakini naandika ili pacha nao waelewe. Babu alipofariki, chumba cha duka kiligawanywa kwa ukuta, na ukuta ukaingia upande wa baba kwa nusu tofali. Baba akasema mdogo wake alisogeza kamba ya fundi mwashi. Baba Mdogo akasema yeye hajawahi kuiba tofali zima, sembuse nusu. Tangu hapo baba anashona upande huu, Baba Mdogo anatengeneza redio upande ule, na maneno yao yote yanapitia kwangu na kwa binti wa Baba Mdogo, yule tunayemwita Antena kwa urefu wake. Mwambie mwenzio apunguze redio. Mwambie mwenzio aitie mafuta cherehani yake. Ndiyo maisha yetu.

Kitu kimoja tu walibaki nacho pamoja, nacho ni sigara. Kila mmoja alivuta upande wake akiwa kazini, na moshi ukapanda ukakutana juu, pale ukuta usipofika dari. Mama alikuwa akisema moshi wao una adabu kuwashinda wenyewe.

Basi mwaka huu halmashauri ikaleta sheria ndogo. Marufuku kuvuta sigara mahali pa kazi, na marufuku kuvuta ndani ya mita kumi kutoka mlango wa duka, zahanati au shule. Faini yake ni ya kumfanya mtu aache hata kukohoa. Akaletwa Bwana Afya wa kuisimamia, kijana mnyoofu, shati limepigwa pasi mpaka kwapani, na tepu ya chuma inayojirudi yenyewe. Mtaa wetu unaujua, mlango unapumulia mlango. Ukitoka mita kumi kwenye mlango wako, umeshaingia kwenye mita kumi za mwenzako. Alipima siku nzima, sisi tukimfuata nyuma kama msafara wa harusi, na mwisho akapata mahali pamoja tu palipo halali: kando ya tangi kuu la maji, mwisho wa mtaa. Akapaka duara la rangi nyeupe chini, pana kiasi cha meza ya watu wawili wasiokula sana.

Baba alikataa. Alichukua tepu yake ya kushonea akapima upya mtaa mzima, akiinama na kuinuka, akihesabu kwa sauti, mpaka mteja mmoja akamwuliza kama anaushonea mtaa suti. Vipimo vyake vilitoa jibu lile lile. Alirudi ndani akasema tepu imevutika.

Mwanzoni walienda kwa zamu. Baba akitaka kutoka, mimi nagonga ukuta kwa mkasi, na Antena anamzuia baba yake kwa kumwuliza jambo la redio. Mpango ulikuwa mzuri, tatizo ni hamu. Hamu ya sigara haisikii mkasi. Haukupita muda wakakutana ndani ya duara, migongo wamepeana kama picha za kwenye sarafu. Kesho yake baba akachukua chaki ya kushonea akachora mstari katikati ya duara. Baba Mdogo akaja akauangalia, akasema mstari umeingia upande wake. Bwana Afya alipouliza nani amechafua alama ya halmashauri, kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza walilofanya kwa pamoja tangu msiba wa babu.

Kisha mvua zikaanza. Siku moja baba alitoka na mwavuli, kiberiti chake kimelowa. Baba Mdogo alitoka bila mwavuli, ila kiberiti amekifunga kwenye nailoni, unamjua na mambo yake. Mimi na Antena tulikuwa dirishani, kila mmoja kwenye dirisha lake. Wakasimama. Mvua ikapiga. Baada ya muda, mwavuli ukaanza kuinama kidogo kidogo upande wa Baba Mdogo, kama vile ni upepo. Na njiti ikawashwa, ikapelekwa kwanza upande wa baba. Antena aligonga ukuta nami nikagonga, basi.

Sasa akaja wakala wa sigara. Huyu ni bwana mnene wa tabasamu, gari lake linanukia ukilikaribia. Alikuwa ameanzisha chama cha kutetea biashara ndogo, ingawa hatukuona biashara ndogo hata moja ndani yake. Halmashauri ilikuwa imeitisha kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, yeye akataka sheria ilegezwe na duara lipanuliwe, liezekwe, liwekewe na viti. Akasema baba na Baba Mdogo ndio mashahidi wanaofaa, mafundi wanaoteswa na sheria. Akawapa kila mmoja kofia. Baba akaikagua mishono ya kofia akasikitika, lakini akaivaa.

Ukumbi ulijaa. Diwani alikaa mbele kama mwenyekiti, na mganga wa zahanati alikaa pembeni na makaratasi yake, mama mmoja mpole anayeongea taratibu kama anayebembeleza mtoto. Wakala akasema maneno mengi kuhusu uhuru. Kisha akaitwa baba.

Baba akasimama, akavua kofia. Akasema yeye ni fundi cherehani, na ni kweli sheria imemdhuru. Wakala akatabasamu. Baba akasema tangu ianze analazimika kusimama na mtu huyu kila siku, akamwonyesha Baba Mdogo kwa kidevu. Watu wakacheka. Mganga akamwuliza kwa upole, kusimama naye kunamdhuru vipi.

"Zamani kulikuwa na ukuta," akasema. "Nilikuwa nasikia redio tu. Sasa nasimama naye karibu, namsikia kifua. Huyu ni mdogo wangu. Kile kifua si kizima. Hawa wanataka duara lipanuliwe. Mimi nasema lifutwe."

Shangazi, hata mimi nililia, nikajifanya nafuta miwani ya mama. Baba Mdogo akainuka. Tukajua sasa atamkumbatia. Akasema nani amemtuma kumsikiliza mwenzake kifua, na kwamba cha baba mwenyewe kinalia kama pedali isiyotiwa mafuta, anakisikia kila asubuhi na anavumilia. Baba akajibu, naye akajibiwa. Walizozana uso kwa uso, bila mimi wala Antena, wakapitia nusu tofali, wakapitia kamba ya fundi, mpaka Baba Mdogo akashikwa na kikohozi kile kirefu na baba akampa glasi ya maji iliyokuwa mbele ya mganga bila kukatiza hoja yake. Diwani aligonga meza mpaka mkono ukamwuma.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Diwani mwenyewe anavuta, mtaa mzima unajua, lakini mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele anamtazama, kwa hiyo mkono wake ndio ulikuwa wa kwanza kupanda. Duara likafutwa, na wote wawili wakaapa pale pale kuacha sigara, kila mmoja akimtaka mwenzake aanze. Wakala akakusanya kofia zake, hata ile aliyokuwa ameikalia mama.

Hapo ndipo kifurushi chako kilipofika, kwa wakati mbaya kuliko wote. Katoni mbili mpya, na wanaume wawili walioapa mbele ya umma. Wakazitazama kama mtu anavyotazama mkwe aliyekuja bila taarifa. Mwisho wakanituma nizipeleke kwa Bwana Afya. Naye kwa unyoofu wake akazichoma papo hapo, kwenye shimo la taka nyuma ya zahanati. Moshi ukaingia zahanati, ukaingia chekechea, wagonjwa wakatoka nje. Baba na Baba Mdogo walikwenda kusimama upande ule upepo unakoelekea, wakavuta pumzi ndefu za kuaga. Kisha baba akatoa tepu yake, akapima kutoka shimoni mpaka mlangoni, akamtaka Bwana Afya alipe faini. Kijana wa watu akaona haya, akasema atajiandikia onyo.

Kuacha hakukuwa rahisi, nisikufiche. Baba alimshonea mteja suruali ya mifuko mitatu ya nyuma, na Baba Mdogo alirudisha redio inayozima ukiiwasha. Baba Mdogo ameteleza mara kadhaa. Baba alijua, harufu haifichiki, na hakumwambia mtu isipokuwa mimi, tena kwa kunong'ona. Mganga anampima Baba Mdogo kifua kila mwezi na anasema kinatulia. Aliwashauri wote wawili wautafutie mdomo shughuli, ndipo karanga zikaingia.

Sasa kila siku, saa zile zile za sigara, wanatoka. Wanaenda kando ya tangi, pale palipokuwa na duara, wanasimama wanakula karanga. Bwana Afya aliwafuata siku moja akawanusa. Baba akamwambia, "Sheria imekataza moshi. Haijakataza kusimama." Mwanzoni kila mmoja alinunua za kwake, lakini walikuwa wanalinganisha vifuko, na mwuza karanga akachoka kuitwa mwizi. Siku hizi anawafungia karatasi moja kubwa, wanachota humo humo.

Nimewauliza wote kama wamepatana. Baba anasema hajapatana na mtu, anakula karanga tu. Baba Mdogo anasema hivyo hivyo.

Basi Shangazi, hukumu ni yako. Karatasi moja ya karanga, tuihesabu sahani moja au tusiihesabu? Mimi na Antena tunaomba uihesabu. Njoo. Na ukija usilete sigara, wala usigawe kitu mara mbili. Lete kifurushi kimoja.

Nisalimie Baba watoto, nisalimie pacha, na yule jirani yako mwenye paka mkorofi. Mama anakusalimu, Antena anakusalimu kutoka upande wa pili wa ukuta. Mungu akulegezee goti na akufungulie njia ya kuja kwetu.

Binti wa kaka yako, nikupendaye bila kupima,

Sindano.

Tena: Nimewapa wasome kabla sijaifunga. Wameisomea kule kando ya tangi, wote kwa wakati mmoja, vichwa vimegusana. Madoa ya mafuta upande wa kushoto ni ya baba, ya kulia ni ya Baba Mdogo. Hili la katikati wamebishania ni la nani mpaka karanga zikaisha.