Mashine Aliyoninunulia Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia karakana tena. Hakuna cha kufagia. Tangu mwenye mashine niliyokodi aje kuichukua, hapa Tororo nimebaki na mabati na benchi. Mchana lori likasimama mlangoni, limetoka Busia. Juu yake mashine ya kukereza chuma, kuukuu, ya kutoka ng'ambo, rangi mpya ya kijani. Mama mkwe ameninunulia! Ameuza maksai wake wa kulimia, kule kijijini kwake Molo, si mbali na hapa. Nimelia kama mtoto.

Jumanne, 4 Machi
Sasa kuijua. Kibao cha jina kimeng'olewa. Nimekwangua rangi, nikafuta grisi mwishoni mwa reli zinazobeba kisu. Namba tu, herufi zimesagika. Pete za vipimo zinahesabu inchi. Ya zamani basi, labda ya Uingereza. Nikapata matumaini, vyuma vya siku zile vilikuwa vyuma kweli.

Jumatano, 5 Machi
Bora nisingechunguza. Chini ya rangi kuna fila ya kuzibia, chini ya fila kuna ufa, kwenye kichwa chenyewe kinachozungusha chuma. Mafuta yanavuja. Reli karibu na kichwa zimelika. Kibebeo cha kisu kinacheza hapo. Nikikikaza, kinakwama kule mwisho. Nimekereza kipande cha shafti. Upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Hakuna beringi itakayokaa hapo. Hiki ni chuma chakavu kilichopakwa rangi.

Ijumaa, 7 Machi
Athieno, mke wangu, amenieleza mama yake alivyoichagua. Alisikia kwamba mashine ile ya kukodi ilikuwa fupi, shafti za vinu haziingii. Basi akaenda Busia na kamba, akapima mashine zote uwanjani, akachukua ndefu kuliko zote. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Muuzaji amehama, simu hapokei.
Nimemwomba Athieno amwambie mama ukweli. Amekataa katakata. Mimi siwezi. Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe ana kwa ana, sembuse kumrudishia zawadi.

Jumatatu, 10 Machi
Athieno ametoka Molo. Mvua zimeanza. Mama analima kwa jembe, peke yake, shamba halijafika hata nusu. Eti anaimba.

Alhamisi, 13 Machi
Mama mkwe amekuja. Ameketi nje, ameupa mlango mgongo, tusionane. Nikawasha mashine, kisu hakigusi kitu. Athieno akaleta maneno: "Mama nasema mashine nalia vizuri sana. Naleta kazi." Kazi yenyewe ni shafti ya kinu cha kanisa, Nagongera. Ameshawaahidi. Nikamjibu kupitia Athieno kwamba itakuwa tayari Jumamosi. Mjinga mimi.

Jumamosi, 15 Machi
Asubuhi nilifunga shafti kwenye boda, nikavuka mpaka. Fundi wa upande wa Kenya ameikereza vizuri. Akaniuliza, "Mzee, si nimeskia uko na mashine yako?" Nikasema bado naifunga.
Jioni mama mkwe aliipokea kwa mikono ya Athieno. Aliipapasa mwanzo hadi mwisho. Amewaambia akina mama wa kanisa ni kazi ya mashine yake. Wiki ijayo wanaleta shafti nyingine.
Nimefunga mlango. Nimeipaka mashine mafuta, isishike kutu, akija aikute inang'aa.