Kibuyu cha Kiprono

Basi mama akachukua kibuyu cha Kiprono akampatia jirani. Ngoja Kibet mjukuu wangu, hata sijakusalimia. Huku Kapseret tuko sawa, ng'ombe imezaa, dada yako ndiye anaandika na anacheka tu. Uliuliza vita kubwa za uhuru zilipiganwa wapi. Hizo sijui. Mimi najua asubuhi moja kwa shamba ya mzungu, nikiwa mtoto.

Ndugu yangu Kiprono alikuwa ameandikwa askari, akapelekwa msituni kupigana na watu wa uhuru. Kwetu kila mtu alikuwa na kibuyu yake ya mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, na mwingine hagusi. Mama alikuwa anajaza ya Kiprono kila wakati, ati asirudi apate imekauka.

Sasa lori ya serikali ikakuja kubeba Wakikuyu wote wa shamba, ati wanasaidia watu wa msituni. Jirani yetu Mama Njeri alikuwa na kijana msituni, upande ule mwingine. Mama akampelekea hiyo kibuyu kwa lori. Nikasema, "Mama, si hiyo ni ya Kiprono?"

"Nyamaza. Vijana wetu wanawindana huko. Mimi na huyu tunangoja kitu moja."

Bendera ya uhuru ikapanda, watu wakaimba. Kiprono hakurudi. Kijana wa Mama Njeri pia hakurudi. Ni Mama Njeri alirudi, na kibuyu ameosha safi. Mama akaichukua. Alijaza maziwa, wakakunywa wote wawili, kwa hiyo moja.

Mama yako ananiita, ndama imeingia kwa mahindi. Wacha niende.