Pipa ya maji chafu

Shemeji Rashidi, dada yako Zaina amekufa na malaria. Tumemuzika jana hapa Rumonge.

Leo patron wangu wa kazi, muzungu anayepima barabara, alinifuata kwenye matanga. Chini ya karavani yake, ile nyumba ya magurudumu anamolala, iko pipa ya maji chafu. Alifikiri imejaa, akataka kuimwaga ziwani, pale wamama wanachota maji ya kunywa. Nikaenda naye, nikaigonga na kidole kutoka chini kwenda juu, nikisikiliza sauti inabadilika wapi, namna Zaina alikuwa anapima pipa za mawese.

"Iko nusu tu, patron. Ngojea kesho, nichimbe shimo ya kuimwaga."

Akaingiza fimbo. Nusu kweli!

"Nani alikufundisha?"

"Ule tulizika jana."

Akavua kofia.

Dada yako alikuwa fundi, Shemeji. Soko yote ilikuwa inamuita apime. Amahoro, amani kwa mama, mwambie akule, asikonde. Kesho narudi kazi, nachimba ile shimo.