Baba Ametengeneza Vyuma Nilivyoviharibu kwa Makusudi

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka kichwa, maana hapa nilipo sijui nicheke au nilie. Mimi niko mwaka wa mwisho wa uhandisi, mkondo wa utafiti, na huko kwetu kufaulu mitihani tu hakutoshi, lazima ufanye utafiti wako mwenyewe kwa mikono yako, msimamizi auridhie, kisha uutetee mbele ya jopo, ukishindwa wanakurudisha mkondo wa kawaida na ndoto ya kuendelea na masomo ya juu inaishia hapo. Utafiti wangu ni wa vyuma vilivyochomelewa vibaya, yaani nachomelea vipande na kuacha matundu na nyufa ndani yake kwa makusudi, halafu mashine inavivuta mpaka vikatike, nione dosari ipi inakatisha chuma haraka. Muhula mzima nimekuwa nikiharibu vyuma, mshauri, na kuharibu kwa kipimo si kazi ndogo!

Sasa maabara ilikuwa inapakwa rangi, nikavileta vipande nyumbani nikaviacha uani kwenye ndoo. Baba yangu ni fundi wa kuchomelea, mageti ya mtaa huu karibu yote ni ya mkono wake. Narudi jioni namkuta anafuta jasho, anatabasamu, ananiambia, "Mwanangu, nimeona kazi yako nikasema hapana, binti yangu hawezi kwenda kuaibika mbele ya walimu wake. Nimetoa uchafu wote, nimechomelea upya, na grenda nimepiga mpaka vikawa laini. Hebu shika!" Nikashika, vinang'aa kama vijiko vipya. Nikasema, "Asante, baba." Ningesema nini?

Wiki ijayo ni zamu yangu ya mashine. Rafiki yangu, tunamwita Mteremko, anasema nivivute hivyo hivyo halafu niandike namba za kukisia, nani atajua, na mimi nimechoka, baba amefurahi, msimamizi ni mkali kama pilipili, nikimwambia baba nitamvunja moyo, nikimwambia msimamizi atanivunja mimi. Nifanye nini?

Binti wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Binti wa Fundi, na pole. Nimecheka, kisha nimekasirika, na hasira yenyewe ni kwako, si kwa mzee. Una baba mchomeleaji, unafanya utafiti wa kuchomelea, na muhula mzima umekosa dakika ya kumweleza? Halafu unamwachia ndoo ya vyuma vibovu uani kwake! Ungemwachia mpishi sufuria inayoungua ukategemea apite zake?

Na huyo Mteremko wako mwambie akae mbali. Mkondo wa utafiti uliuomba mwenyewe, hakuna aliyekukokota, na sharti lake la kwanza ni useme ulichokiona. Mtu akija kuziamini namba zako za kukisia akajengea kitu, nani atakuwa chini yake kikianguka? Tena usije ukajifanya kwamba tangu mwanzo ulikusudia kupima vyuma vilivyotengenezwa upya. Najua wazo hilo limeshakupitia.

Kesho asubuhi nenda kwa msimamizi na ndoo yako, umwambie yaliyotokea bila kupamba. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza, omba muda wa kutengeneza vipande vingine, na umwulize yeye kama hivi vya baba vina nafasi yoyote kwenye utafiti. Akikataa yote ukarudishwa mkondo wa kawaida, utalia, na bado utakuwa mhandisi. Sikudanganyi kwamba haitauma.

Lakini leo hii, kabla ya msimamizi, kaa na baba yako umweleze kwa nini vile vyuma vilikuwa vibovu. Atakuuliza, "Kwa hiyo nimekuharibia?" Usizungukezunguke. Mwambie, "Ndiyo, baba, na kosa ni langu, sikukwambia." Ataumia, tena sana. Afadhali aumie leo, uani kwake, wewe ukiwa pembeni yake, kuliko siku ya mahafali asimame kukupigia makofi huku machozi yanamtoka, kwa kazi ambayo katika ukumbi mzima ni wewe na Mteremko tu mnaojua kuwa hukuifanya.